Kama kabichi ina sumu yake, mbona viwavi wanaila?

Swali:

"Nalima kabichi na sukuma wiki kwenye robo eka huku Lushoto. Viwavi wadogo wa kijani wananimaliza. Majani ya nje yamekuwa chekecheo. Dawa ya dukani niliyoanza nayo miaka ya nyuma ilikuwa inawaua siku hiyohiyo, siku hizi ni kama nawaogesha. Mwezi uliopita niliagiza majani ya mwarobaini kutoka Mombo, nikayatwanga, nikayaloweka usiku kucha, nikapulizia saa nne asubuhi. Kesho yake nikawakuta wapo, wanatembea. Jirani yangu anasema viwavi hula mmea dhaifu tu, mmea wenye afya una uchungu wanaoukimbia, kwa hiyo niongeze mbolea. Mwingine anasema kabichi haina kinga yoyote, ndiyo maana inaliwa na kila mdudu. Nani mkweli? Kama mimea ina sumu za kujilinda, mbona kabichi haijilindi? Na mwarobaini niachane nao? Mimi ni mama wa watoto wanne na mboga hizohizo ndizo tunazokula nyumbani, kwa hiyo niambie pia kama jani lililotafunwa na viwavi lina madhara."

Jibu:

Mama, pole kwa kabichi. Nimelisoma swali lako mara mbili, maana ndani yake yamo maswali manne au matano, na lile la katikati, mbona kabichi haijilindi, ndilo linalofungua mengine yote. Kabichi inajilinda, tena kwa silaha kali. Bahati mbaya kiwavi anayekusumbua aliizoea silaha hiyo zamani sana, hata harufu yake kwake imekuwa harufu ya chakula. Ukilielewa hilo utaona kwa nini jirani zako wote wawili wamepatia nusu na kukosea nusu, na kwa nini mwarobaini bado una nafasi shambani kwako.

Tumtambue kwanza mwenyewe. Kwa maelezo yako nadhani ni kiwavi wa nondo mgongo wa almasi. Hakikisha hivi: chukua kijiti, mguse taratibu. Akijipinda kwa kasi, akarudi kinyumenyume, halafu akajitupa na kubaki ananing'inia kwa uzi mwembamba, ndiye huyo. Hata akikomaa hazidi sana sentimita moja. Pindua jani utazame upande wa chini: viwavi wachanga hukwangua nyama ya jani na kuiacha ngozi ya juu, kwa hiyo kabla ya matundu utaona vidirisha vyeupe vinavyopitisha mwanga. Karibu na mishipa ya jani unaweza kukuta vifuko vya nyavu kama shashi, ndani yake kuna kitu cha kijani kimelala. Huyo ni kiwavi anageuka kuwa nondo. Nondo wenyewe ni wadogo, wa kijivu, na wakikunja mbawa hutokea mgongoni mstari wa alama za almasi zenye rangi ya maziwa. Ukipita shambani jioni ukatikisa kabichi wanaruka kidogo tu na kutua tena.

Sasa hiyo silaha. Wewe unaijua, ila hukuwahi kuiita hivyo. Kitunguu kikiwa kizima kapuni hakimlizi mtu. Kinakuliza pale kisu kinapopita. Na kisamvu, kwa nini bibi zetu walisisitiza kitwangwe sana, kisha kichemshwe bila kufunika? Jani la muhogo lina vitu viwili linavyovitenga. Ndani ya seli, kwenye ghala lake, kuna linamarini, ambayo ni sukari iliyofungiwa sumu. Kwenye ukuta wa seli kuna kimeng'enya kinachoweza kuifungua. Vikikaa kila kimoja chumbani kwake, jani liko salama na halijidhuru. Mchi ukishuka kinuni, kuta zinavunjika, viwili hivyo vinakutana, na sianidi inatoka. Inaondoka na mvuke, mboga inabaki. Mpishi anafanya kwa makusudi, mbali na mdomo wa mlaji, kile ambacho muhogo ulikusudia kitokee ndani ya mdomo wa mlaji.

Kabichi inatumia mbinu hiyohiyo kwa kemikali nyingine. Seli zake nyingi zina glukosinoleti, ambazo zikiwa peke yake ni tulivu. Seli nyingine chache, zilizotawanyika katikati yao, zimebeba kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Meno ya mdudu yakipasua jani, vinachanganyika na kuzaa mafuta ya haradali, yale yanayokuwasha puani ukila haradali au ukitafuna kachumbari ya kabichi mbichi. Wanasayansi wameubandika mfumo huu jina la bomu la haradali. Ni kama kuweka petroli chumba kimoja na kiberiti chumba cha pili, kisha kumwachia mwizi auvunje ukuta. Mafuta hayo hushikana na protini ndani ya tumbo la mdudu na kuziharibu. Asiyeyazoea hudumaa, huugua, hufa, au huonja mara moja na kuondoka.

Kwa hiyo jirani wa pili amekosea: kabichi hailiwi na kila mdudu. Simama katikati ya shamba lako utazame. Kantangaze anayemaliza nyanya hagusi kabichi. Wadudu walao majani ni wengi mno, na wengi wao wanakufa njaa mbele ya kabichi kama wewe utakavyokufa njaa katikati ya nyasi. Unaowaona ni wale wachache waliopata ufunguo.

Ufunguo wa kiwavi wako unajulikana. Mwaka 2002 watafiti wa taasisi ya Max Planck huko Jena, Ujerumani, walionyesha kwamba tumboni mwake kuna kimeng'enya kinachonyofoa kipande kimoja, salfeti, kutoka kwenye glukosinoleti. Kipande hicho kikishatoka, mirosinasi haiwezi tena kuitambua wala kuifungua. Kiberiti kipo, petroli imegeuzwa maji. Na lazima afanye haraka, kwa sababu mirosinasi nayo inaingia tumboni kwa tonge lilelile. Viwavi wa kipepeo mweupe wa kabichi kule Ulaya wana mbinu tofauti: wao huliacha bomu lilipuke, lakini wana protini inayouelekeza mlipuko utoe kitu chenye madhara madogo badala ya mafuta ya haradali. Wadudu wawili, mboga moja, na kila mmoja kafika kwa njia yake.

Kinachonishangaza mimi hadi leo, pamoja na miaka yote niliyoinamia majani, ni hatua iliyofuata. Mwaka 1910, huko Uholanzi, mtaalamu wa mimea Eduard Verschaffelt alichukua majani ambayo viwavi wa kipepeo wa kabichi huyakataa, akayapaka maji ya mimea ya jamii ya haradali, na baadaye glukosinoleti yenyewe iliyosafishwa. Viwavi wakayala. Sumu iliyowekwa kuwafukuza ndiyo iliyokuwa ikiwaambia "chakula ni hiki". Nondo wako naye yuko hivyohivyo. Jike anapotua kwenye jani huligusagusa kwa vipapasio. Akipata harufu na ladha ya glukosinoleti anataga, asipoipata anaendelea na safari. Kiwavi hakuichagua kabichi yako. Mama yake alimchagulia, usiku, kwa kufuata harufu ya silaha yako.

Lakini usidhani mambo yameandikwa kwenye jiwe. Jirani zetu wa Kenya walipata somo mwaka 1999: huko Naivasha nondo huyuhuyu wa kabichi alikutwa ameshambulia njegere, zile za maganda matamu zinazolimwa kwa ajili ya kuuza nje. Njegere hizo si ndugu wa kabichi na hazina hata tone la glukosinoleti. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walipochukua viwavi wa kawaida wa kabichi na kuwalazimisha kula njegere, karibu wote walikufa, ila wachache walipona, na watoto wa hao wachache wakawa wanapona kwa wingi zaidi kadiri vizazi vilivyopita. Nalitaja hili kwa sababu ndilo jambo hasa la kumhofia mdudu huyu: anabadilika upesi. Kukiwa na joto kizazi kizima, yai hadi nondo, huchukua wiki tatu hivi au pungufu, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya mia. Kati ya watoto wengi hivyo hawakosekani wawili watatu wenye kasoro inayowafaa.

Na hapo ndipo ilipo siri ya dawa yako ya dukani iliyogeuka maji. Nondo mgongo wa almasi ndiye mdudu wa mazao wa kwanza kuripotiwa kuizoea DDT shambani, Java, Indonesia, mwaka 1953. Tangu wakati huo amezoea viuatilifu vya karibu kila kundi alichopigwa nacho. Ukipuliza dawa ileile kila wiki unawachuja: wanaokufa ni wale inaowaweza, wanaobaki kuzaa ni wale isiowaweza. Usiongeze kipimo. Kuongeza kipimo kunawaua nyigu wadogo na buibui waliokuwa wakikusaidia, kunaacha mabaki kwenye mboga ya watoto wako, na viwavi bado wapo.

Turudi kwa jirani wa kwanza, wa mmea dhaifu. Yeye namheshimu kidogo, kwa sababu kuna ukweli anaougusa. Mmea hauna kinga ya kudumu tu. Unaweza pia kuiongeza unaposhambuliwa. Mwaka 1972 Green na Ryan, Marekani, waliona kwamba jani moja la nyanya au kiazi likiliwa na mdudu, majani mengine ambayo hayajaguswa nayo yanaanza kujaza protini zinazomvurugia mdudu mmeng'enyo wa chakula. Habari inasafiri ndani ya mmea. Kabichi nayo, ikiumwa, huongeza baadhi ya glukosinoleti zake. Hiyo ni kazi inayohitaji chakula na maji, kwa hiyo mmea uliodhoofika kwa ukame hauwezi kupigana vizuri. Hadi hapo jirani yuko sawa.

Anapokosea ni kwenye mbolea. Kiwavi anaishi kwa kutafuta naitrojeni, kwa sababu majani yana maji mengi na protini kidogo, naye anahitaji protini ili akue. Ukimwaga urea kupita kiasi unapata jani laini, nono, la kijani kilichokolea, na kiwavi anayelila hukua haraka kuliko yule anayekula jani la kawaida. Tumia mbolea kwa kiasi alichokwambia afisa ugani, pamoja na samadi iliyoiva, kwa ajili ya kabichi yako. Usiitumie kama dawa ya viwavi. Na tukumbuke kwamba sisi wenyewe tumeipunguzia kabichi makali: kwa vizazi vingi watu wamechagua mbegu za mboga isiyokera mdomoni. Tulichokiita utamu ni silaha iliyopunguzwa risasi.

Sasa mwarobaini. Usiuache, ila ulivyoutumia haukupewa nafasi ya kufanya kazi, kwa makosa matatu.

Uzuri wa mwarobaini kwa kiwavi wa kabichi ni kwamba ni mgeni kwake. Ufunguo wake ni wa kufuli la kabichi; kufuli la mwarobaini ni lingine kabisa. Mjerumani Heinrich Schmutterer alikuwa Sudan mwaka 1959 wakati nzige walipovamia, akaona wanatua kwenye miarobaini kisha wanaondoka bila kuila, huku miti mingine ikibaki vijiti. Mwaka 1968 wakemia wa Keele, Uingereza, walitenga kemikali inayohusika, azadiraktini. Ina umbo la kutatanisha kiasi kwamba kuitengeneza maabara tangu mwanzo kulikamilika huko Cambridge mwaka 2007, baada ya miaka 22 ya kazi. Mti uliopo uani kwa watu unaitengeneza kila msimu bila kelele.

Azadiraktini inafanya mambo mawili. La kwanza, inamharibia kiwavi hamu: anaonja, anaacha, au anakula kidogokidogo. La pili ni la polepole. Kiwavi hukua kwa kujivua ngozi mara kadhaa, na kujivua huko kunaongozwa na homoni. Azadiraktini inavuruga utoaji wa homoni hizo, hivyo siku ya kujivua ikifika anashindwa. Nimewaona chini ya lenzi: ngozi ya zamani imepasuka kichwani tu, kofia ya kichwa cha zamani imening'inia mdomoni kama barakoa, naye hawezi kula wala kutoka. Anakufa hivyo, siku ya tatu, ya tano, hata ya saba. Kosa la kwanza ndilo hili: ulihukumu mapema. Ukienda kesho yake asubuhi unamkuta anatembea. Anatembea, lakini je, anakula? Hilo ndilo swali ambalo hukuliuliza, na sikulaumu. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kutupa makopo mazima ya viwavi siku ya pili na kuandika daftarini "haifanyi kazi". Mzee aliyekuwa msimamizi wangu alilisoma, akaniambia nirudie, na safari hii nisiguse kitu kwa wiki nzima. Nikarudia kwa uvivu, nikaaibika.

Pili, ulitumia majani. Yana azadiraktini kidogo sana ukilinganisha na kiini cha mbegu. Majani ni machungu, ndiyo, na watu wengi wanadhani uchungu ndio dawa. Uchungu tunausikia sisi kwenye ulimi wetu; kwa kiwavi kipimo ni kingine. Okota matunda yaliyoiva na kuanguka, ondoa nyama, osha mbegu, zianike kivulini hadi zikauke vizuri. Zilizoota ukungu tupa. Menya, twanga viini, kisha pima gramu 50 za unga kwa kila lita ya maji. Bomba la lita 15 litahitaji robo tatu ya kilo. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa kizito ili nozeli isizibe, ongeza sabuni ya maji kidogo. Sabuni si ya kuua. Jani la kabichi limepakwa nta, tone la maji linabiringika juu yake kama gololi na kuanguka. Mwagia maji jani moja sasa hivi utaona. Sabuni inalifanya tone litandae na kushika.

Tatu, ulipuliza saa nne asubuhi, jua likipanda. Azadiraktini inavunjwa na mwanga wa jua. Puliza kuanzia saa kumi na moja jioni, dawa iliyotengenezwa siku hiyo, na uinamishe nozeli iangalie juu kutoka chini ya jani, maana huko ndiko wanakokula. Rudia baada ya siku tano hadi saba, na ukinyeshewa rudia mapema. Walenge wakiwa wadogo, wakati wa vidirisha. Aliyekaribia kujifungia kwenye kifuko ameshakula karibu chakula chake chote, huyo umechelewa.

Kabla hujaamini mimi au jirani, fanya jaribio la jikoni. Chukua makopo matatu, tandika karatasi nyeupe chini ya kila moja. Chovya jani moja kwenye maji matupu, la pili kwenye maji ya sabuni, la tatu kwenye dawa yako ya mbegu, yaache yakauke. Weka viwavi watano wadogo wanaolingana kila kopo, funika kwa kitambaa chepesi. Kesho yake usihesabu walio hai. Hesabu kinyesi. Ni vidonge vya kijani vidogo kama baruti, na kwenye karatasi nyeupe vinaonekana vizuri. Kopo la maji litakuwa limejaa. La mwarobaini, kama mbegu zako ni nzuri, litakuwa na vichache sana, hata kama wote watano bado wanatembea. Ukiona vidonge viko sawasawa kote, mbegu zako zimeharibika na umejiokolea kazi ya robo eka.

Nisikudanganye kwamba mwarobaini peke yake utatosha. Kiangazi, wadudu wakiwa wengi, unapunguza kasi tu. Changanya mbinu. Ng'oa na uzike visiki vya kabichi mara baada ya kuvuna, kwa sababu vichipukizi vyake ni kitalu cha nondo. Usipande kabichi mpya ubavuni mwa kabichi ya zamani. Zungusha na maharage, karoti au vitunguu. Kama unamwagilia kwa kunyunyiza, nyunyiza jioni: matone huwaangusha viwavi wadogo na kuwasumbua nondo wakati wa kutaga, na hii ndiyo sababu masika huwa na nafuu. Duka la pembejeo linaweza kuwa na dawa ya bakteria wa Bt, ambayo humdhuru kiwavi akiila na haiwadhuru nyigu wako. Ni nzuri, lakini usiifanye ya kila wiki mwaka mzima; huko Hawaii nondo huyu aliizoea hata hiyo, na taarifa zikaandikwa mwaka 1990.

Na nyigu je? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 icipe walileta kutoka Taiwan nyigu mdogo mweusi, Diadegma semiclausum, wakamwachia kwenye nyanda za juu za Kenya, ikiwemo Milima ya Taita, na baadaye Tanzania na Uganda. Anataga yai ndani ya kiwavi. Mtoto wa nyigu anamla kiwavi kutoka ndani. Anapenda baridi, kwa hiyo milima kama yenu inamfaa. Ukivipasua vifuko vya nyavu na kukuta badala yake kifuko kigumu cha kahawia chenye umbo la punje ya mpunga, huyo ni mtoto wake. Muache. Kila unapopuliza sumu kali ya jumla unamuua yeye kwanza, kwa sababu yeye hajapata muda wa kuizoea.

Wengine watakushauri maji ya tumbaku. Mimi nakukataza. Nikotini ni kinga ya mmea pia, na inaua wadudu kweli, ila inaingia mwilini mwa mtu kupitia ngozi na inaweza kumlaza mtoto hospitali. Kitu kutoka kwenye mmea hakiwi salama kwa sababu kimetoka kwenye mmea. Hoja yote ya barua hii ni kwamba mimea ni viwanda vya sumu. Hata mwarobaini, usimpe mtoto mafuta ya mbegu zake kunywa, na usimwage mabaki kwenye kijito au bwawa la samaki.

Kuhusu chakula cha watoto: jani lililotobolewa na viwavi halina madhara. Kata palipochafuka, lipeleke kwenye maji ya chumvi kwa dakika chache viwavi watoke, suuza, pika. Mafuta ya haradali yaliyoongezeka ni ladha tu, na moto unaizima mirosinasi yenyewe. Ila kuna imani moja ya sokoni ambayo kwako wewe haifai kabisa: kwamba matundu ni ushahidi mboga haikupigwa dawa. Viwavi wako wanaogelea kwenye dawa. Kwa hiyo jani lako linaweza kuwa na matundu na mabaki ya sumu kwa pamoja. Kama ulipuliza ya dukani, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna na uzitimize, za nyumbani na za sokoni sawasawa.

Kuna wakati maandishi hayatoshi. Kama viwavi wamo ndani kabisa ya moyo wa kabichi na haifungi, huenda ni mdudu mwingine. Kama ukingo wa jani unageuka njano kwa umbo la V na mishipa yake ni myeusi, huo ni ugonjwa wa bakteria, na mwarobaini hautausaidia. Na kama Bt mpya kutoka duka la kuaminika imeshindwa mara mbili ikipulizwa jioni kwa viwavi wadogo, hiyo ni habari ambayo watu wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, au wa TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo, wangependa kuisikia. Mtu akiumwa kichwa, akitapika au akitetemeka baada ya kupuliza, mvue nguo, muoshe kwa sabuni, mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa ya dawa. Kwa hayo ya shambani anza na afisa ugani wa kata, na usiende mikono mitupu. Ukisema "viwavi wa kijani" atakuandikia dawa ya kubahatisha. Mpelekee majani mawili, moja la vidirisha na moja la matundu, viwavi kumi wakiwa hai kwenye kopo lenye kitambaa juu, vile vifuko vya nyavu, na karatasi uliyoandika umepuliza nini, tarehe ngapi, saa ngapi.